Hoteli Ndani ya Kumi na Nane

Jedidah alikuwa anasonga ugali, mpira ukapita dirishani ukatumbukia kwenye karai la vyombo. Aliupangusa kwa aproni, akauweka juu ya kabati, akaendelea kusonga, maana ugali ukiuacha unafanya mabonge. Nje uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele.

Hoteli yake, pale Brooklyn Center huku ughaibuni, ilikuwa imebomolewa mwaka juzi ili klabu mpya ya Northfork ipate uwanja. Ila kila siku ya mechi ya nyumbani ilirudi yenyewe, na meza zake na jiko lake, pale pale ilipokuwa. Siku hizi pale ni ndani ya kumi na nane, mbele ya goli la kaskazini. Jedidah aliingilia geti la malori, akafungua, akachochea moto uliokwisha kuwaka wenyewe. Refa akipuliza kipenga cha mwisho, hoteli ilitoweka, yeye akabaki kwenye nyasi na mwiko mkononi.

Ligi ilikaa kikao ikaamua kuta zihesabiwe kama milingoti ya goli: mpira ukigonga, mchezo unaendelea. Ukiingia ndani, unatupwa mwingine, na aliyeupiga anaufuata ule wa kwanza.

Mlango uligongwa. Alikuwa Sosthène, beki wa timu ya wageni, Mkongo, jasho linamtiririka.

"Mama, naomba mpira."

Kwao Jedidah, Murang'a, mtu hasemi kilichomleta akiwa amesimama mlangoni. Anakaribishwa, anakaa, anakula, ndipo anaulizwa.

"Karibu. Umekula?"

"Mama, tuko kwenye mechi."

"Sijakuuliza mko wapi. Nimeuliza kama umekula."

Sosthène akakaa. Alipomaliza sukuma wiki, Northfork walikuwa wameshafunga kwa kupitia pengo lake. Ndivyo klabu iliyoburuta mkia msimu wa kwanza ilivyopanda msimu wa pili. Wachezaji wa nyumbani walishaonywa mazoezini wasivuke kizingiti kile kwa lolote.

Wanjohi, mumewe, alikuwa mpiga ngoma wa mashabiki. "Mama Maureen," alimwambia nyumbani, "timu yetu inashinda kwa sababu yako!"

"Timu yenu," alisema Jedidah.

Alvin, mwenye klabu, alikuwa amemwahidi mbele ya majirani wote kwamba uwanja ukiisha atapata jiko humo humo ndani, la kila siku. Uwanja uliisha. Chumba chenyewe kikawa cha kuuzia bia. Jedidah, aliyekuwa na hoteli yake, sasa alikuwa anaosha wazee kwenye nyumba ya wazee kule Richfield, na mgongo ulimuuma mpaka usiku. Ilimuuma zaidi kusikia mumewe akiimba jina la klabu bafuni.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa ya kufa na kupona, na bado ilikuwa sare tasa. Kiprop, mshambuliaji wa Northfork, alikuwa amebaki na kipa peke yake. Jedidah akatoa kichwa dirishani.

"Kiprop! Umekonda sana, mtoto wa watu. Kuja ule."

Kiprop akasimama, mguu juu ya mpira. Alikuwa ameonywa, ndiyo. Lakini mama wa rika la mama yako akikuita, unaitika. Jukwaani ngoma ilinyamaza.

"Mama Maureen, usitufanyie hivyo!" Wanjohi alilia.

Kiprop akaingia, akanawa mikono. Refa akasimamisha mchezo. Stacy, meneja wa klabu, akaja mbio hadi mlangoni.

"Unataka nini, Jedidah?"

"Kaa kwanza."

Stacy hakuwahi kukaa humo. Alikaa, akala chapati mbili, na Jedidah hakusema neno mpaka sahani ikawa tupu.

"Nataka chumba changu. Alvin aliniahidi."

Stacy akafuta midomo. Alisema chapati ni tamu ajabu, na kwamba atazungumza na Alvin yeye mwenyewe. Jedidah akamwamini, maana kwao mtu hadanganyi akiwa ameshiba chakula chako. Akamruhusu Kiprop. Kiprop akatoka, tumbo limejaa, akafunga kwa shuti la pole pole lililompita kipa aliyechoka kungoja.

Kweli Stacy alizungumza na Alvin. Msimu wa tatu ulipoanza, picha ya hoteli ilikuwa kwenye jezi, na kwenye ukuta wake wa nje palikuwa na tangazo la bia. Chumba kilibaki kile kile cha bia. Geti la malori lilifungwa kwa ajili ya usalama, na Jedidah akapewa tiketi ya bure.

Alipanga foleni na mfuko wake. Wanjohi alishapita na ngoma. Mlinzi wa getini, kijana Mtanzania aitwaye Lusajo, alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akafungua mfuko, akaona unga, sukuma wiki na vitunguu. Akaufunga taratibu.

"Samahani sana, mama. Chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi."

"Naenda kupika kwangu. Si pale, unaona moshi?"

Lusajo aligeuka akatazama. Moshi aliuona, kila mtu aliuona, na wageni walikuwa wameshaanza kupasha misuli kuuzunguka.

"Nauona, mama," alisema. "Naomba usimame pembeni, watu wapite."