Poleni na Gari Jeupe

Mume wangu, Otto Nkosi, hutengeneza majeneza, na kazi hiyo imemwachia macho mabaya. Sisemi kwamba haoni. Anaona mno. Mtu akimsalimia, macho yake huanzia utosini, hushuka taratibu hadi kwenye viatu, kisha hurudi mabegani. Basi, vipimo ameshavichukua bila hata kukusudia. Songea nzima inajua. Kanisani, wakati wa kupeana amani, wanaume warefu hujikunja mbele yake kama wana kichomi, na mzee Pankrasi wa kwaya humpa mkono akiwa amekaa. Mimi Honorata ndiye ninayeshona vitambaa vya ndani na ile mito midogo, lakini mimi haniogopi mtu. Wanawake huniletea hata sare za shule nipunguze kiuno.

Kazi imetulisha na kusomesha watoto watatu, sina la kuilaumu. Ila fundi majeneza hana ruhusa ya kufanikiwa. Muuza mchele akijenga ghorofa, watu husema ana bidii. Otto alipoweka vigae barazani, majirani walikaa wakahesabu mwaka huo wamekufa wangapi. Pikapu yetu ya kijani, kuukuu, watu wameibatiza Poleni. "Poleni imepita," wataambiana, halafu wote wanasimama kuangalia itakata kona gani.

Nasema haya ili mtu asije akadhani gari la kifahari tulilitaka kwa tamaa. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo mwanzoni, na nilimsema Otto vibaya. Shida ilikuwa Urban.

Urban ni karani wa posta mstaafu, rafiki wa Otto kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumapili baada ya misa ya pili walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, juu ya ubao ambao Otto aliuchonga kwa kipande cha mninga kilichobaki kazini. Urban analijua chimbuko la ubao huo na hajawahi kujali. Huyo ndiye mtu pekee mjini aliyesimama wima mbele ya mume wangu, tena ni mrefu. Januari akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, maneno yakawa mazito, simu akashindwa kabisa. Mwezi wa pili akarudishwa nyumbani kwake, mtaa wa Mfaranyaki. Otto akakwapua ubao wa drafti, akawasha Poleni, akaenda kumwona mgonjwa.

Aliegesha mbele ya nyumba kwa nusu saa tu. Alipotoka alikuta vijana wanashusha viti vya plastiki. Wanawake walikuwa wameshafika na kuni na masufuria makubwa, na mmoja alikuwa akimwuliza mwenzake kama chumvi ipo. Turubai lilikuwa limefungwa kona tatu. Ramson, mwenyekiti wa mtaa, mgeni aliyekuja kufundisha akabaki kwa biashara ya mbolea, alikuwa ameketi na daftari la rambirambi, jina lake mwenyewe likiwa la kwanza. Urban akachungulia dirishani na kikombe cha uji mkononi, akauliza kwa shida, "Nani... amekufa?" Watu wote wakageuka kutazama turubai.

Brigita, mke wa Urban, alilia kwa hasira. "Shemeji, nakuomba, usikanyage tena hapa. Mgonjwa wangu hajafa."

Otto alijaribu njia nyingine. Akaenda kwa miguu, lakini alipofika kona ya kwanza watu wakaanza kuzima redio. Akachukua bodaboda. Dereva akamwuliza kwa heshima zote, "Mzee, tunakwenda kumchukua nani?" Akashuka hapohapo. Miezi mitano ikapita. Jumapili alikuwa anapanga vizibo peke yake, anacheza pande zote mbili, na bado anakasirika akifungwa.

Julai, baridi ya Songea ikiwa imeshika kwelikweli, akaja Calvin. Kijana wa kampuni fulani kutoka Dar, viatu vyenye ncha, amepanga gesti na magari mawili ya kuonyesha watu. Otto alikuwa ameliona tangazo kwenye simu.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Hili huuziwi, unakodishiwa. Mkataba wa miaka mitatu, unalipa kila mwezi, muda ukiisha unarudisha, unachukua jingine jipya. Wakubwa siku hizi hawanunui."

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, limeinuka, limechongeka kiunoni. Si kubwa hadi uonekane mheshimiwa, si dogo hadi uonekane mwalimu. Vioo vyake vilikuwa vya giza, na hapo ndipo macho ya Otto yalipoganda.

"Aliye ndani haonekani?"

"Haonekani kabisa, mzee. Faragha."

Calvin akamkalisha, akabonyeza kitu. Baada ya muda Otto akaruka kutoka kwenye kiti, akajipapasa suruali nyuma kwa aibu. Kumbe kiti kinapata joto chenyewe. Kisha kijana akapitisha mguu chini ya bampa, buti likafunguka bila kuguswa. Otto alitoa futi yake mfukoni, akapima, akatikisa kichwa. "Halitoshi."

"Kutosha nini, mzee? Kwani unafanya biashara gani?"

"Samani."

"Za ofisini?"

"Za kulalia."

"Wateja wanaridhika?"

"Hajarudi hata mmoja kulalamika." Mzaha huo una umri mkubwa kuliko Poleni, lakini Calvin aliucheka kwa sababu hakuuelewa.

Nikauliza masharti. Lisibebe mzigo. Lisizidishe kilomita. Mkwaruzo mmoja, tunalipa. Njia mbaya lisipite, na alivyokuwa anaieleza njia mbaya, alikuwa anaueleza mtaa wetu. Na malipo ya mwanzo? Wataichukua Poleni, kampuni ina mtu wa vipuri. Nikamwambia Otto mbele ya kijana, "Kwa hiyo tunampa mtu mtoto wetu, tukalee wa kwake, tena bila kumbeba mgongoni." Calvin akatuachia gari tulijaribu siku tatu, kuanzia Alhamisi. Saini iwe Jumamosi saa sita.

Sijui nieleze vipi Alhamisi hiyo. Trafiki alitupigia saluti. Kijana wa kituo cha mafuta alimwita Otto bosi, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Mwalimu mkuu wa shule moja ya chekechea alilikimbilia gari barabarani, akazungumza na kioo cheusi kwa unyenyekevu, akikiomba kiwe mgeni rasmi kwenye mahafali ya watoto. Otto alishusha kioo ili akubali. Mama wa watu akamwangalia, akasema mahafali yameahirishwa. Mimi nilicheka mpaka machozi. Otto hakucheka. Alikuwa anajiandaa kwa Ijumaa.

Ijumaa mchana tukaenda Mfaranyaki, ubao wa drafti nimeupakata mapajani. Ramson aliliona gari kutoka mbali. Alifunga vifungo vya shati akikimbia, akawafukuza mbuzi, akawaamrisha kina mama wapige vigelegele, akasimama mlangoni pa gari ameinama. "Karibu sana mheshimiwa, mtaa wetu una changamoto ya maji na..." Mlango ukafunguka. Kilitoka kiatu cha Otto chenye vumbi la mbao, kisha Otto. Macho yake, kwa mazoea, yakaanzia utosini mwa Ramson yakashuka. Mwenyekiti akachuchumaa, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Vigelegele vikakatika. "Siku hizi anakuja kwa kujificha," nikasikia mwanamke mmoja ananong'ona. "Vioo vya giza, ili usijue anamwangalia nani."

Kabla ya jua kuzama uvumi ulikuwa umefika mtaa wa Lizaboni. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mwenye gari jeupe la namna hiyo, alikwenda jioni kumsalimia mama mkwe wake. Mama mkwe, mzima kabisa, alipoliona getini alianza kugawa vitenge.

Lakini nirudi mlangoni kwa Urban. Brigita alikuwa amefungua geti mwenyewe, akidhani ni daktari. Alipotuona alijipanga mlangoni, mikono kiunoni. "Shemeji, nilikwambia nini?" Otto alisimama, kofia mkononi. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia Brigita, ingawa ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Otto akakohoa tu. Na kutoka ndani ikaja sauti nzito, ya kukokota. "Nkosi. Ni wewe?"

Urban alitoka mwenyewe kwa fimbo, hatua kwa hatua, Brigita akimfuata nyuma na mikono imekaa tayari kumdaka. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa Urban. Akasimama mbele ya mume wangu, akajinyoosha kadiri alivyoweza. Kisha akaliangalia gari.

"La nani?"

"Langu. Yaani kesho nikisaini. Ni la kukodi, ila..."

"Poleni iko wapi?"

"Wataichukua. Nimefanya hivi ili nije kukuona, Urban. Nikija na ile, watu wanaweka turubai."

Urban aliichimbia fimbo yake udongoni. Nilidhani maneno yamemgomea. Kumbe alikuwa anakusanya hasira.

"Miezi mitano," akasema. "Kila Jumapili nakaa dirishani. Nilidhani... siku ile ulinipima kwa macho. Ukaona hakuna haja ya kurudi."

Nimeishi na Otto miaka thelathini na sijawahi kumwona akilia msibani, na misiba amehudhuria mingi kuliko padre. Siku hiyo alilia, amekaa kwenye ngazi ya gari la watu lenye viti vya moto. Brigita akageuka kuangalia ukutani. Na mimi nililia, ya nini kuficha.

"Kesho njoo," Urban akasema. "Na Poleni. Nataka kwenda sokoni kununua ndizi. Nimechoka kuletewa."

Otto alitaka kumbishia. Urban akagonga fimbo kwenye tairi la gari jeupe, akarudi ndani. Brigita alimwangalia mumewe anavyotembea, akasema kwa sauti ndogo, "Mje saa tano, jua likishapasha."

Jumamosi saa tano Poleni ilisimama Mfaranyaki, na kila kitu kikaenda kama mwezi wa pili. Viti vikaja. Kuni zikaja. Ramson akatoka na daftari lilelile, na ninaapa lile jina lake la kwanza lilikuwa bado limeandikwa pale. Mlango wa nyumba ukafunguliwa, watu wakavua kofia, akatoka marehemu akiwa amevaa koti la posta na shali ya mkewe.

Otto maskini, mikono yake ilifanya inachokijua. Alizunguka nyuma ya pikapu akafungua bodi, akavuta lile zulia jekundu la kulazia majeneza. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Brigita akashika mdomo.

Urban akasimama katikati ya njia, akainua fimbo kuielekeza bodini. Aliyatamka maneno polepole, lakini yalifika hadi kwa wa mwisho.

"Huko nyuma nitakaa siku nyingine. Leo nakaa mbele."

Akaingia mbele. Poleni ina nafasi mbili tu mbele, kwa hiyo aliyepanda nyuma ni mimi. Nilikaa juu ya zulia jekundu, miguu nimeinyoosha, mahali ambapo kwa miaka yote nilipajua kwa vitambaa vyangu tu. Si pabaya, ila upepo ni mkali.

Calvin alikuwa ameshafika na mkataba wake, amelichukua gari jeupe nyumbani kwetu akatufuata, maana saa sita ilikuwa inakaribia na Otto hashiki simu akiendesha. Akakaa nyuma yetu, taa zimewashwa, anapiga honi kwa adabu. Hivyo tukapita mjini, pikapu ya kijani mbele, gari la kifahari nyuma, mwendo wa taratibu ili mgonjwa asitikiswe. Songea ikafanya adabu zake. Bodaboda wakazima injini. Wanaume wakavua kofia. Kina mama wa Majengo wakaweka ndoo chini na kuinamisha vichwa, na mzee Pankrasi akafanya ishara ya msalaba.

Halafu marehemu akatoa kichwa dirishani. "Pankrasi! Simama vizuri, bwana, hatujakuja kukuchukua!"

Kuna waliokimbia. Kuna mmoja aliyeacha ndala zote mbili. Na mimi kule nyuma nikawapungia mkono, ili nao wa pembeni wapate wasiwasi wao.

Sokoni Otto alizima injini. Calvin akaja na karatasi na kalamu, anahema. "Mzee, unasaini?" Otto akamwangalia, macho yakaanzia utosini, yakashuka mpaka kwenye vile viatu vyenye ncha, yakarudi mabegani. Nadhani hapo ndipo kijana alipoielewa ile samani. Alirudisha kalamu mfukoni mwenyewe.

Urban alichagua ndizi zake kwa dakika ishirini, akabishana bei kwa maneno mazito mpaka mwuzaji akachoka. Kisha akarudi kwenye pikapu, akagonga kioo cha nyuma kwa fimbo kuniuliza kama ubao wa drafti nimeuleta. Nilikuwa nimeukalia.

Walichezea hapohapo, ubao ukiwa juu ya boneti ya Poleni, watu wamewazunguka. Otto alifungwa mara mbili. Nilimwona ameshika kizibo, anamwangalia mwenzake kuanzia utosini, anashuka, anapanda, na Urban amesimama wima kabisa, anamsubiri amalize.