Kurasa Kumi na Nne za Mwalimu Leodgar

“Toa hizo kurasa kumi na nne, dada Levina, ushone zilizobaki,” Dokta Raymundi alisema, hata kiti hakukitaka. “Baraza la chuo linakaa saa nane kuamua kama kitabu kiingie maktaba. Wakiziona tu, kazi ya mzee inarudi sandukuni.”

Levina ni mshona vitabu wa chuo kimoja hapa Tabora. Vitabu vya watu ameshona miaka ishirini. Hiki kilikuwa cha baba yake, marehemu Mwalimu Leodgar wa Usinge, aliyemfasiri mwanafalsafa mmoja Mjerumani kwa mkono, daftari baada ya daftari, mpaka macho yakamwisha. Alipokuwa akifa aliomba jambo moja tu, kitabu kiwekwe maktaba.

Shida ni kwamba Mjerumani huyo aliingia chama cha Hitler. Wasomi wa chuo wanamgombania tangu Kwaresima. Raymundi anashikilia kwamba siasa zile zilikuwa upuuzi wa msimu mmoja, falsafa haihusiki. Dokta Recheli anasema sumu ikishaingia mtungini, hakuna kata ya maji salama. Sasa hata salamu hawapeani, watu wazima na digrii zao. Na katikati ya madaftari ya mzee imekaa hotuba ya mwanafalsafa akimsifu kiongozi wake, imefasiriwa yote, kurasa kumi na nne.

Raymundi alipoondoka, Levina alishika wembe. Alimkasirikia baba yake. Si angeiruka tu? Usinge nzima nani angejua?

Akaisoma, kwa mara ya kwanza. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho mzee alikuwa ameandika kwa penseli: “Hapa niliacha kazi siku arobaini. Nilimpenda mtu huyu. Nimerudi, lakini mimi si yule aliyeondoka.”

Levina alilia kidogo, kisha akaupaka uzi nta ya Sikonge na kushona.

Saa nane kasorobo Recheli alikuja kukichukua kitabu kwa niaba ya baraza. Aliuliza kama zile kurasa zimo.

“Zimo zote, dokta.”

“Ahsante. Ndizo nilizozihitaji ili kikataliwe.”

Levina alimkabidhi kitabu. “Sawa. Ila usome na pembeni.”

Recheli aliondoka akifunua. Kengele ya baraza ililia, viti vikaburuzwa ukumbini. Levina alichungulia dirishani. Recheli alikuwa amesimama peke yake varandani, ameinamia kitabu. Ndani walimwita mara mbili, naye hakuitika.