Terasi Tano za Wayua

Kalekye alimaliza sura ya kwanza ya tasnifu yake Alhamisi saa tatu asubuhi, akaenda jikoni kuchemsha chai. Aliporudi chumbani alikuta terasi ya juu ya shamba la mama yake imelala kati ya kitanda na dirisha, pamoja na ukingo wake wa nyasi na mti mmoja wa avokado. Ilikuwa imetoka kwao Kilungu hadi Uskoti, alikokuwa akisoma, bila kupoteza jiwe. Kalekye alivua viatu, kwa kuwa udongo ulikuwa na unyevu, akasogeza kiti na kuanza sura ya pili.

Sura za shahada yake ya uzamili ya sheria zilikuwa tano, na terasi za mama yake, Wayua, pia tano. Tasnifu ilihusu haki ya mjane kwenye ardhi ya marehemu mumewe, jambo alilolijua tangu hajajua kusoma. Baba yake, Kiilu, alipofariki, wanawake wakiwa bado wanapika chakula cha matanga, ami yake Nzau alikwenda mjini akarudi na hatimiliki yenye jina lake mwenyewe. Alikuwa mpole sana kuhusu jambo hilo. Alimruhusu Wayua kulima, mradi mavuno yapitie kwake kwanza ayaangalie. Aliyaangalia mpaka yakaisha.

Saa nne wanawake wa mwethya walifika na majembe. Hao hulimiana mashamba kwa zamu, na Alhamisi ilikuwa zamu ya Wayua. Shamba kuhama si sababu ya kuruka zamu. Walimsalimu Kalekye, wakauliza pa kunawia mikono. Kiongozi wao, Syombua, alichungulia dirishani.

"Mvua ya huku inatema mate tu," alisema. "Lakini ni ya kila siku. Hii itazaa."

Wayua aliingia nyuma yao na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alimtazama binti yake, akasema amekonda.

Kila sura ilipoisha terasi nyingine ilifuata, na kufikia mwezi wa sita zote zilikuwa zimefika. Msimamizi wa tasnifu, mama mrefu aliyependa tanbihi, alikuja kukagua kazi, akala avokado mbili, akasema ushahidi unatosha ila sura ya tatu ina maneno mengi. Avokado zilizobaki Wayua alizipeleka soko la Mukuyuni, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeziangalia njiani. Alirudi na leso mpya. Alikuwa na furaha tele, na alipalilia huku akiimba kwa sauti ya kanisani.

Nzau alipiga simu.

"Kalekye mwanangu, shamba yangu imetoka bila ruhusa. Hapa iko shimo tu, na karatasi ni yangu. Wewe ndio lawyer wetu."

"Uncle, hiyo ndiyo nasomea."

"Basi soma haraka."

Tasnifu ilipewa alama za juu kabisa. Siku ya mahafali, jina la Kalekye liliposomwa, terasi ziliinuka moja moja zikarudi nyumbani, ya juu ikitangulia. Nzau alikuwa amezungushia shimo seng'enge na kuacha lango wazi. Zote zilipoingia na kutulia mahali pake, alifunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kanisani kutoa shukrani kwa masomo ya binti wa ndugu yake.

Wiki iliyofuata Kalekye alirudi Kilungu. Jumapili Nzau alimsimamisha mbele ya waumini, nao wakapiga makofi. Alhamisi wanawake wa mwethya walisimama kidogo nje ya seng'enge, kisha wakaenda kulima kwa Syombua. Kalekye alimpa mama yake tasnifu, yenye jalada gumu la bluu.

"Sheria inasema nini?" Wayua aliuliza.

"Inasema ni yako, mama."

"Na Nzau?"

"Ako na karatasi. Kesi inaweza kaa miaka kumi."

Wayua alifungua tasnifu. Kati ya kurasa kulikuwa na chembe za udongo, akazikung'utia kiganjani.

"Na ile digrii ingine, ya juu ya hii, ni ya miaka ngapi?"

"Nne."

Wayua alifumba kiganja.

"Mwambie yule mama mrefu akupatie chumba ya jua," alisema, akaenda kumwarifu Syombua kuhusu Alhamisi.