Wagonjwa wa Simu ya Mama Tepu

Zahanati ilipoanza kuwakumbusha wagonjwa dawa kwa meseji, wahudumu waliapa kutunza siri. Meseji isitaje jina wala ugonjwa, asije mtu akaumbuka mbele ya mwenye simu. Wazo zuri tu, ila wagonjwa wote wa uchochoro wa nyuma ya karakana walikuwa wameandikisha namba moja, ya Mama Tepu, fundi cherehani. Simu yake ndiyo pekee isiyoishiwa chaji, kwa kuwa chumba chake kilikuwa na umeme wa cherehani. Na yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka zahanati kwa mkupuo, tepu ya kupimia shingoni, akiwapanga kwenye foleni utadhani zahanati ni ya kwao.

Basi kila asubuhi meseji ilipoingia, "Kumbuka dawa yako," Mama Tepu hakujua inamhusu nani, wala hakujisumbua kujua. Alitoa kichwa dirishani akapaza sauti, "Dawa! Kila mtu na yake!" Siri gani tena hapo? Hata wazima walijikuta wanatafuta kitu cha kumeza. Kusema kweli, alikuwa anaona raha. Nani asingependa kutiiwa na uchochoro mzima, mama mkwe wake akiwemo?

Raha ikaingia mchanga siku ilipokuja meseji ya namna nyingine. Juzi yake wote walikuwa wamerudi zahanati kutolewa damu, na sasa simu ikasema: "Majibu ya vipimo vyako si mazuri. Fika zahanati leo bila kukosa."

Mama Tepu aliisoma kwa sauti dirishani kabla hajafikiri, akajuta kinywa kikiwa bado wazi.

"Ni mimi," kinyozi wa jirani akasema, mashine mkononi, mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja. "Vidonge nilikuwa navikata nusu nusu ili visiishe haraka."

"Usijipendelee," mama mkwe akadakia kutoka kibarazani. "Ni mimi. Vyangu naviweka chini ya godoro. Vinanichefua."

"Mama! Si kila siku nakuuliza, unaniambia umemeza?" Mama Tepu akamaka.

"Sasa na ule ukali wako, mwanangu, ningekujibu nini?"

Mama Tepu moyo ukamlipuka. Yeye na mama huyu walikuwa hawapitishi siku bila kununiana, lakini ndiye aliyemfundisha kushika mkasi, na hakuwa tayari kumpoteza. Akazima cherehani, akamshika mkono, wakaondoka. Kinyozi akafuata. Mteja naye akafuata. Hakuwa mgonjwa, ila alihitaji upande wa pili.

"Mbona mmekuja jeshi zima?" nesi akashangaa. "Nimemwita mtu mmoja."

"Mmoja yupi, na namba ni moja?" Mama Tepu akauliza.

Nesi akatazama kompyuta yake, akashika kichwa. Mama Tepu akamsogelea, akanong'ona, "Dada nesi, kama ni huyu mama, niambie mimi kwanza. Taratibu."

"Si yeye."

"Basi ni kinyozi. Maskini."

"Wala si kinyozi. Ni wewe, dada. Juzi ulipowaleta nilikutoa damu na wewe. Sukari yako iko juu sana."

"Mimi? Mimi nilikuwa nawasindikiza!"

Akacheka, kicheko kikamkatikia njiani. Ile kiu isiyoisha. Na ule uzi uliokuwa haupenyi tundu la sindano, kumbe ni macho, yeye akazilaumu sindano za siku hizi. Akakaa kwenye benchi. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Mama mkwe akakaa kando yake, akamnyang'anya simu mkononi.

"Kuanzia leo simu hii nashika mimi."

"Mama, meseji hujui kusoma."

"Kusoma sijui. Kupiga kelele najua sana."

Kinyozi akaangua kicheko, nesi naye akashindwa kujizuia. Mama Tepu akacheka huku anajifuta machozi. Alipotaka kuinuka akachukue dawa, mama mkwe akamng'ang'ania mkono.

"Niliposikia ile meseji nikajua ni mimi, nikatulia," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nilishajiandaa kuondoka. Kwako wewe sijajiandaa, mwanangu. Hata kidogo."