Masuke ya Dhahabu

Athok alikuwa amechoka ule uchovu wa kuongea peke yake. Kutwa alishinda akipokea wageni katika hoteli moja ya Thongpiny, mjini Juba, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Usiku alilala chini sebuleni, yeye na mumewe Maker, kwa sababu chumba kimoja walichokuwa nacho pale New Site kilikuwa cha mama mkwe. Mama mkwe huyo, Awien, alikuja kutoka kijijini baada ya Krismasi, kuwasalimu tu. Sasa ilikuwa Aprili, mvua zimeanza, na hatimaye alikuwa ametamka kwa kinywa chake mwenyewe kwamba Jumamosi anarudi kulima.

Si kwamba Awien alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri na kufagia uwanja kwa kishindo, mtu wa kupika kwa kuni mpaka jiko la mabati likawa jeusi tii, na mtu wa kumtazama mkwewe aliyelelewa Nakuru kama mgeni aliyekawia kuaga. Kidinka cha Athok kilitosha kuomba maji na chumvi, basi. Mengine yote yalipitia kwa Maker.

Ijumaa waliandaa chakula cha shukrani, desturi waliyotoka nayo makanisani Kenya: familia ikifika salama, mchungaji na majirani huitwa, na kila aliyepo husimama akataja analomshukuru Mungu. Maker alisema wanashukuru kurudi nyumbani baada ya vita. Athok alikuwa na shukrani yake ya siri, ile ya Jumamosi, na kwa ajili hiyo alitaka meza ipendeze kwelikweli.

Maua ya dukani hayakuwepo. Alichukua mikebe mitupu ya maziwa ya unga, akaizungushia vipande vya kitenge na kuitia matawi ya mwarobaini. Chupa za maji alizikata katikati, akajaza mchanga, akasimamisha mishumaa. Bado katikati ya meza palikuwa pakavu. Ndipo jikoni akaona fungu la masuke ya mtama linaning'inia juu ya moshi, limejaa masizi. Nafaka aliyoijua yeye ilikuwa ya magunia ya msaada, na mbegu alizoziona Kenya zilikaa kwenye pakiti dukani. Hili aliliona kama kitu kilichosahauliwa. Awien alikuwa ameenda Nyakuron kuwaaga ndugu zake, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Akalishusha, akaliosha, akavuka barabara kwa Namutebi, Mganda mwenye duka aliyekuwa akipamba harusi.

"Mimi iko na rangi ya kupuliza," Namutebi alimwambia. "Ile ya dhahabu, ilibaki ya harusi. Puliza yote, dada, usiache."

Akapuliza yote, pande zote.

Jioni wageni waliingia wakaisifu meza, na mchungaji akauliza ni fundi gani amekodiwa. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, Athok alijisikia mwepesi.

Awien aliingia wa mwisho. Alinawa, akaketi, kisha akanyoosha mkono akachomoa suke moja. Akalisugua viganjani, akatia punje mdomoni, akaitema. Aliposema, alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Athok.

"Anauliza ni nani ameyapaka rangi," Maker alisema.

"Ni mimi, Mama."

"Anauliza kama kuna yaliyobaki."

"Hakuna. Nilipaka yote."

Maker akainama karibu na sikio lake. "Athok, hizo ni mbegu. Zinawekwa kwa moshi ndio wadudu wasiziingie. Zilikuwa za nyanya yangu. Mama amezipanda kila mahali vita ilimfukuza, akivuna anaweka zingine. Si ungeningoja uniulize?"

Athok aliona aibu. "Mwambie kesho asubuhi naenda Konyo Konyo, nimtafutie zingine."

Awien alisikiliza, akatikisa kichwa. Za sokoni, alisema, ni za mashamba ya watu, na yeye hajui zinataka mvua gani.

Zamu za shukrani zikaanza. Ilipofika yake, Awien alisimama akiegemea meza, akaongea kifupi. Maker alitafsiri kwa sauti ili wote wasikie.

"Mama anamshukuru Mungu kwa nyumba hii. Anasema alikuwa aondoke kesho, lakini hana mbegu ya kurudi nayo. Atakaa na sisi."

"Amina," wageni wakaitikia kwa furaha, na mmoja akapiga makofi.

Athok akasimama. Maneno aliyoyaandaa wiki nzima hayakuwa na kazi tena. "Namshukuru Mungu kwa mama," alisema, akaketi.

Maker akatafsiri. Awien alimtazama mkwewe, akasema maneno machache, akavuta sahani yake. Maker akaanza kupakua chakula.

"Amesema nini?" Athok aliuliza.

"Tule kwanza."

"Maker, niambie."

"Anasema alijua unangoja aende," Maker alisema polepole. "Anasema hata yeye alitaka sana kwenda."