Siku Tuliyokimbiana Kariakoo

Mume wangu, Ambindwile, alikuja Dar es Salaam kupasuliwa macho. Kabla hata siku ya kupasuliwa haijafika, akaniambia anarudi zake kijijini Masukulu, upande wa Tukuyu.

"Zamu yako Alhamisi," nikamwambia. "Tumesafiri kote huko kwa ajili ya nini? Kuja kuonja joto?"

"Mama Isakwisa, ninamfukuza mtoto wa watu nyumbani kwake."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwanetu Isakwisa alikuwa amepanga vyumba viwili Ilala, mlango wa kutokea mmoja. Kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hapiti alipo. Tunaita kutila, na ni heshima kubwa. Masukulu ni jambo jepesi. Mwanamke akisikia kikohozi cha mzee anajibanza nyuma ya mgomba, mzee anapita, kila mtu anaendelea na kazi yake. Ilala hakuna mgomba. Elina, mkwe wetu, akisikia mzee anaamka, alitoka mbio na sufuria mkononi. Akimkuta amekaa mlangoni, alizunguka kwa jirani, na huko kwa jirani ndiko alikolala, chini kwenye mkeka, na mtoto ananyonya. Isakwisa alikuwa safarini na lori, haya yote hayakumhusu.

"Kwani unamwona?" nikamuuliza mzee. "Hata mimi unanitambua kwa sauti."

"Kutila si kuona. Mimi nikiwepo, yeye hana pa kukaa."

Daktari alikuwa amesema wazi kwamba akichelewa, macho hayo hayatarudi tena. Nilimwonea huruma mume wangu. Nilijionea huruma na mimi pia, kwa sababu nilijua ni nani atakayemshika mkono kila aendako mpaka mwisho.

Jumanne nikapata akili, au kitu nilichodhani ni akili. Elina alikuwa na kizimba cha ndizi soko la Kariakoo. Alianza biashara hiyo kiwanda alichofanyia kazi mumewe kilipouzwa kwa mtu binafsi na wafanyakazi wakapunguzwa. Siku hizo ilikuwa ruksa kwa kila mtu kuuza chochote, na malori ya ndizi yalishuka kutoka kwetu bila kuomba kibali cha mtu. Tangu tufike alikuwa amemwachia mwenzake kizimba ili atupikie. Basi nikaona nimtoe mzee asubuhi na mapema, nimpeleke akatembee sokoni, Elina ashinde kwake kama binadamu, hata alale kidogo mchana.

"Ukirudi bado unataka kuondoka," nikamwambia mzee, "mizigo nitafunga mwenyewe."

Alikubali upesi. Soko hilo alikuwa amelisikia redioni miaka mingi.

Kariakoo ni jengo la kukutisha ukilikuta mara ya kwanza. Zege tupu, refu, na paa lake limeinuka vipande vipande kama miavuli iliyopinduliwa na upepo. Ndani kuna ubaridi, na sauti za watu zinapanda juu zinapotelea huko. Mzee aliinua uso.

"Naona mwanga tu. Limekaaje?"

Nikamweleza. Nikamwambia na nilivyosikia, kwamba miavuli ile imewekwa hivyo ili ikinge maji ya mvua.

"Wanakinga mvua!" Alicheka, mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. "Waje Tukuyu, tuwape bure."

Tulipita kwenye vitunguu, tukapita kwenye dagaa, kisha akasimama. Harufu ya ndizi mbichi ilikuwa imemfikia. Akanyoosha mkono, akapapasa mkungu, akatabasamu kama aliyekutana na ndugu. Nikainua macho kumtafuta mwenye kizimba, nikaona kanga ninayoijua.

Elina alikuwa amepata akili ileile niliyoipata mimi. Sisi tulitoka tumwachie nyumba, naye akamwacha mtoto kwa jirani, akatokea uani kwa huyo jirani atuachie nyumba, na nyumba ikabaki na kufuli. Alituona, akajitupa chini nyuma ya mikungu.

"Twende," nikasema, nikimvuta mzee.

"Nimefika kwenye ndizi za kwetu, unataka twende wapi?"

"Twende tu!"

"Usinivute, mimi si mbuzi." Akaupokonya mkono wake, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.

Nyuma yake zilikuwa ngazi za kushukia shimoni, ambako wachukuzi hushuka na magunia. Nilinyoosha mkono, sikumfikia. Elina alikuwa karibu kuliko mimi. Aliruka juu ya mikungu, kanga imeshuka usoni, akamkamata mzee mkono kwa mikono yake yote miwili. Mguu mmoja wa mzee ulikuwa tayari hewani.

Alimshikilia mpaka mguu ukarudi sakafuni. Halafu akamwachia, akachuchumaa kwenye mikungu, akampa mzee mgongo.

"Kwani babu kamfanya nini?" akauliza muuza nyanya wa pembeni. Nikamwangalia kwa jicho la kumwambia auze nyanya zake.

"Mama Isakwisa," mzee akasema, "aliyenishika ni nani?"

"Mchuuzi."

"Mchuuzi gani anamwokoa mtu kisha anajificha?"

Nilijua kwa heri imefika. Angesema sasa tumevunja kila kitu, tufunge mizigo, na mimi nilikuwa nimeahidi.

Mzee alivua kofia. Aliizungusha mikononi mpaka muuza nyanya akachoka kututazama.

"Tangu aolewe, anayekimbia ni yeye," akasema. "Njiani ni yeye. Kwake ni yeye. Leo naye angekimbia, mngeniokota huko chini." Akameza mate. "Mwambie asikimbie tena. Kuanzia sasa nitafumba mimi."

Akayafumba macho yake palepale sokoni, hayo hayo yaliyokuwa hayamfai kitu, akageukia upande wa ndizi.

"Ndaga fijo, mwanangu," akashukuru.

Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Nilimshika bega, nikampitisha taratibu mbele ya kizimba, naye Elina akasimama mahali pake.

Usiku huo Elina alilala kitandani kwake. Alhamisi mzee akapasuliwa.

Siku ya kufunguliwa bandeji, nesi alipomaliza, mzee alinitazama muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

"Subiri nikuletee kioo," nikamjibu.

Alitazama dirisha, akatazama kucha zake, akaisoma shuka ya hospitali maandishi yote. Mara tukasikia ndala za Elina zinakuja na uji. Alifika mlangoni, akaona bandeji haipo, akageuka kwa mazoea.

Mzee alizisikia ndala zikigeuka. Akaweka viganja vyote viwili juu ya macho yake mapya, kama mtoto anayecheza kombolela.

"Pita, mwanangu," akasema. "Nimefumba."

Elina akaingia, akaweka uji mezani. Hakuondoka upesi. Alisimama pale kando ya kitanda, akamtazama baba mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza, na mimi sikumkataza.