Shimo la Jua

Mama mkwe wangu, Gudveig, hamwamini mtu yeyote ambaye hakumzaa yeye, na hata aliowazaa huwachunguza. Pasaka ndiyo humzidishia shaka. Kwetu Norwe, Pasaka watu hupanda milimani na machungwa yao na riwaya za upelelezi, na yeye riwaya hizo huzila kama karanga. Akisoma kurasa chache huinua macho na kumkagua aliye karibu.

Mwaka huo mshukiwa alikuwa Oddmund, jirani yetu wa huko mlimani, ng'ambo ya kijito. Walikuwa hawasemeshani tangu wagombane juu ya kisima. Oddmund ndiye huchomeka vijiti vya kuonyesha njia ya ski, zile mbao za kutelezea thelujini, kila Pasaka, na safari hii alikuwa amevihamisha. Njia iliyopita chini ya mteremko wetu sasa ilizunguka mbali na kutokea mlangoni kwake, ambako huuza kahawa na keki.

"Umeona mwenyewe," Mama aliniambia. "Anavuta wateja, mzee yule. Njia ya watu wote kaigeuza uchochoro wa kwake."

Nilicheka, ila moyoni nikaona ana hoja. Ile njia mpya haikuwa na maana yoyote nyingine niliyoiona mimi.

Kisha yakaja mambo ya shimo. Familia ya mume wangu huchimba shimo la jua mahali palepale, chini ya mteremko unaotazama kusini, tangu baba mkwe yu hai. Unachonga kiti ndani ya theluji, unatandika ngozi, unaketi na kufumba macho jua likupige usoni. Binti yangu Eldrid, aliyekuwa hajaanza shule, alilipenda kuliko kitanda chake. Tulilichimba siku tuliyofika. Asubuhi yake tukalikuta limefukiwa na kushindiliwa, na alama za ski zinaelekea kwa Oddmund. Tukachimba tena. Likafukiwa tena.

Hapo na mimi nikapandwa na hasira. Mtu mzima mwenye mvi anamfanyia mtoto inda kwa sababu ya shimo? Nilitaka kwenda kumuuliza, Mama akakataa katakata. Alisema mtu wa namna ile ukimuuliza atakana, kwa hiyo dawa yake ni kumfuma.

Siku zile joto lilikuwa limekuja ghafla. Usiku theluji haikuganda, na kulipokucha buti zilizama hadi magotini. Chini yake tulisikia maji yakitiririka. Vidonge vya theluji vilikuwa vikibingirika vyenyewe kutoka juu ya mteremko na kunenepa vikishuka, na Eldrid alivipigia makofi. Nilimuuliza Mama kama pale pako salama. Akanijibu kwamba mteremko ule uko hapo tangu yeye ni bibi harusi na haujamgusa mtu, na kwamba nisianze kuongea kama Oddmund. Sikujua Oddmund anaongeaje, kwa kuwa nyumbani kwetu hakuna aliyekubali kumsikiliza.

Mtego aliutega Mama. Alichukua begi langu la mgongoni, akalikalisha shimoni, akalifunika blanketi na kulivika kofia nyekundu ya Eldrid, ili Oddmund aone tumeshachukua nafasi na ghadhabu imlete mchana kweupe. Eldrid tukamweka ndani na machungwa. Sisi tukasimama dirishani, Mama na darubini yake. Nakiri nilikuwa nafurahia.

Jua lilipokuwa utosini, akatokea. Hakunyata kama tulivyotarajia. Alikuja mbio, akipunga fimbo zake na kupaza sauti tusiyoisikia vizuri.

"Haya, mwone," Mama alisema. "Anamtukana mtoto."

Oddmund alifika shimoni, akavua ski, akainama. Badala ya kushika beleshi alilibeba lile begi, blanketi na kofia yote, akalikumbatia kifuani. Kisha akageuka na kuanza kukimbia, akizama na kuinuka.

Mteremko ulikatika juu yake, theluji yote ikaporomoka. Haukuwa na vumbi wala kishindo kikubwa. Ulishuka polepole, mzito kama uji wa simenti, na shimo likapotea, pamoja na ile njia ya zamani aliyoihamisha. Yeye ulimfikia alipokaribia kijito.

Sikumbuki kuvaa buti. Nakumbuka Mama akinipita na beleshi, kwa umri wake ule. Tulimkuta ametokeza kuanzia kifuani, uso umekuwa wa kijivu, na theluji iliyombana ilishakuwa ngumu kama ukuta. Mikono yake ilikuwa bado imelibana lile begi, shavu lake juu ya kofia.

"Ragnfrid," aliniambia. "Mtoto wako hapumui. Nimemwita, hajibu. Anza na yeye, mimi niache."

Mama ndiye aliyepiga magoti mbele yake na kumsemesha.

"Ni begi, Oddmund."

Hakuelewa. Mama akaivua ile kofia ili aone. Alitazama begi, akamtazama Mama, akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia mimi kwamba yuko ndani, mzima, anakula machungwa.

Ndipo akaliachia begi na kuanza kulia kwa sauti. Mama aliweka beleshi kando asije akamuumiza, akaendelea kumfukua kwa mikono yake mitupu.